Usipige Mswaki Hapohapo

Basi nikamwambia yule bwana wa kiwanda, kaa hapo kwenye kigoda, kunywa kwanza, halafu ndiyo useme hilo unalotaka kwa binti yangu. Wewe ulikuwa umeenda kuchota maji, kwa hiyo hili hukulisikia, nakupa sasa. Akanywa. Akafumba macho kama mtu anayesali. Akauliza, "Mama, huu ukwaju anayechanganya ni wewe?" Nikamwambia mimi naloweka, nafikicha, nachuja. Anayesema sukari imetosha, ukali umezidi, ongeza maji, huyo ni Sechelela. Mimi ulimi wangu ulishastaafu, tena bila kiinua mgongo. Akacheka. Akasema basi huyo ndiye ninayemtafuta. Tumefungua kiwanda cha juisi Morogoro, mashine tunazo, ulimi hatuna.

Nikamwambia, "Ulimi ni wake, siushiki. Lakini meno nimeyahangaikia mimi. Hayo yakiharibika utanirudishia kwa kitu gani?"

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Sikumlaumu. Mtu amekuja na ajira, wewe unamuuliza habari ya meno.

Hii ni barua, mwanangu. Anayeandika ni dada Rehema, mpangaji wetu, si unamjua mwandiko wake, karani wa Bunge huyo. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na mbuzi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno, maana akinitengenezea utadhani umeandikiwa na ofisi. Anacheka. Andika, usicheke. Ataiweka kwenye begi lako chini ya zile kanga, uikute hukohuko Morogoro. Sasa hivi uko uani unakoroga sufuria ya mwisho kabla hujaondoka. Nakuona mgongo tu kupitia mlangoni. Jua linaelekea kuzama na miguu yangu inawaka moto, nimeiweka juu ya debe.

Sitakuambia habari ya kufua, wala kupika, wala wanaume. Kufua unanishinda. Kupika tuache. Wanaume, nilikuwa na mmoja tu, baba yako, na alipokufa nilikuwa bado sijamwelewa, kwa hiyo nitakufundisha nini? Nataka kusema juu ya meno, na kitu kingine kilichojificha nyuma ya meno. Sijui kama nitakifikia, nimechoka.

Unajua mdomo wangu ulivyo. Hapa mbele chini pana pengo la meno mawili. Hayo hayakuoza, yaling'olewa nikiwa mtoto kule Ihumwa, ndiyo ilikuwa desturi yetu Wagogo. Msichana mwenye meno yote ya chini walikuwa wanamcheka, wanamwambia anacheka kama punda. Nililia, nikavuja damu, jioni nikapewa maziwa, kesho yake nikazunguka kijiji kizima nimefungua mdomo ili waone. Nilijiona mzuri! Halafu ona dunia. Mimi wameng'oa ili nipendeze, wewe tumefunga waya yasitoke kwenye mstari ili upendeze. Bibi yako angefufuka angesema tumerogwa wote.

Hayo mengine yaliyobaki, ukwaju ndio ulioyala. Miaka yote ile ya kuuza juisi nyuma ya stesheni, naonja asubuhi, naonja mchana, treni ikichelewa naonja tena maana joto linabadilisha juisi. Kila kijiko nakizungusha mdomoni, nafikiri ndiyo ufundi. Nilianza kusikia maji ya baridi yanapiga mpaka kwenye sikio. Halafu meno yakawa mafupi. Nikisema meno yanaisha kama sabuni watu wanadhani utani. Mwisho, tone la ukwaju likigusa tu, ganzi mpaka machozi. Ndipo nikakuita wewe. Ulikuwa mdogo, kichwa hakifiki ukingo wa meza. Nikakuwekea kijiko mdomoni, nikauliza, "Vipi?" Ukakunja uso, ukasema, "Mama, huu umelala na njaa." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Lakini ilikuwa kweli, sukari haikutosha. Tangu siku hiyo sikuonja tena. Nikakupa wewe kazi ya mdomo wangu.

Nilivyosema hivyo Rehema ameinua macho. Endelea, dada, hilo Seche analijua.

Mama Daktari alikuja mwaka ule walioanza kuruhusu watu kufungua hospitali zao. Akatoka huko ng'ambo alikosomea, akapanga chumba karibu na soko, akatundika picha ya jino kubwa mlangoni. Watu wakadhani anauza karanga. Kila mchana anakuja bandani kwetu kunywa, na wewe kila ukimpa chenji unajifunika mdomo na ncha ya kitenge.

"Mtoto, mdomoni umeficha nini?"

Ukakimbilia nyuma ya ndoo. Nikamjibu mimi. "Mwache, daktari. Meno yake yanagombania nafasi kama abiria wa treni ya bara."

"Yanaweza kupangwa."

"Yapangwe na nani? Meno siyo mabenchi ya kanisani."

"Mama Seche, leta mtoto kesho. Na wewe uje na huo mdomo wako, niuone."

"Wangu umefungwa. Angalia wa kijana."

Tulivyolipa unajua, ukwaju mwingi wa Kibakwe umepita hapo, nisirudie. Ukafungwa waya. Wenzako shuleni wakakutesa. "Seche, mdomoni unashika redio gani?" "Seche, fungua geti." Na wewe siku moja ukawajibu, "Nashika matangazo ya vifo, subiri jina lako." Walivyoniletea mashtaka nilijifanya nimekasirika, lakini nilikwenda kucheka jikoni.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na nilifanya kosa hilo kwa bidii kabisa. Mama Daktari alisema, mtoto mwenye waya asafishe meno vizuri, chakula kinanasa. Mimi nikaelewa hivi: kila kinachoingia, kisuguliwe. Nikakununulia mswaki mgumu, ule wa nywele kama za ngiri. Ukionja sufuria ya kwanza, mswaki. Ukionja ya pili, mswaki. Nakusimamia mlangoni nimeshika kiuno, "Sugua huko pembeni, sugua!" Majirani wanasikia povu linatemwa uani kutwa nzima. Nilikuwa najivuna, wee! Nikawa nawaambia watu, mwanangu meno yake hayapitiwi na ukali, ukigusa tu tumeshausugua. Nilidhani ukali ni kama masizi ya sufuria. Ukiwahi, hayagandi.

Siku ya kutoa waya nilivaa lile gauni la Pasaka. Unakumbuka ulivyokaa kwenye kile kiti kinacholala. Kibati kimoja kinatoka, tik, kingine, tik. Akakupa kioo. Meno yamekaa mstari, jamani, kama mahindi ya shamba la bwana shamba. Ukacheka. Halafu ukasogeza kioo karibu, ukafunga mdomo, ukauliza, "Mama Daktari, mbona kama nimepakwa chokaa?"

Pale palipokuwa na vibati, pembeni yake pote, pamebaki weupe mkavu, si weupe wa jino. Daktari akawasha taa yake.

"Sechelela, unakula nini kikali?"

"Sili. Naonja."

"Unaonja nini?"

"Ukwaju. Na ubuyu. Na ndimu, siku za Bunge."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mpaka ipatane."

"Ukimaliza kuonja?"

Ukanyoosha mgongo, ukajibu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. "Napiga mswaki hapohapo. Mama ananisimamia."

Mama Daktari akavua miwani. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. Akavuta stuli akakaa, akanieleza taratibu kama mtu na mtu. Kwamba jino lina ganda lake la juu, gumu kuliko mfupa. Ukali ukipita, lile ganda linalainika. Ukiliacha, mate yanaosha na kulirudishia ugumu wake polepole. Lakini ukilisugua likiwa laini, unalikwangua mwenyewe kwa mkono wako. Na kwenye waya ni mbaya zaidi, uchafu unanasa pembeni ya vibati, na ukali wake unakaa hapohapo, unalifyonza jino. Nikamuuliza, ganda likiisha si linaota lingine? Akasema, "Hapana, Mama Seche. Hiyo siyo kucha."

Tukatoka pale nimevimba. Nakumbuka njiani nilisema anataka kutufungia biashara, eti tusionje, eti tusisugue, eti ukae na uchafu mdomoni. Wewe ulikuwa unatembea nyuma yangu.

Nilielewa jioni yake, nilipokuwa nafagia. Nilikuwa nimemwagia sakafu maji kupunguza vumbi, nikachukua ufagio, nikajikuta namsikia mama yangu. Zamani kule kwenye tembe sakafu tulikuwa tunaisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Siku moja mimi mtoto mwema, imesiribwa asubuhi, bado mbichi, nikaja na ufagio ili nisifiwe. Nilifagia kweli! Nikachimba mifereji. Mama akanipiga mgongoni, akasema, "Wewe unaifagia nyumba unaitupa nje." Nikasimama pale na ufagio wangu, mtu mzima, nikasema, loo, ndicho nilichomfanyia mtoto mdomoni.

Sikukuomba samahani. Kwetu mzazi anapika kuku. Nikapika kuku, ukala, tukaelewana.

Baada ya hapo unajua tulivyofanya. Unaonja mara moja kwa sufuria, kwa mrija, unaupeleka nyuma juu ya ulimi, mbele hapaguswi, unatema, unasukutua maji matupu, basi. Mswaki tuliuacha mpaka ugali uwe umesongwa na mlenda umeshuka jikoni, ndiyo saa yetu hiyo, mimi ya ukutani siisomi. Ule mswaki wa ngiri nikaufanya wa kusugulia viatu. Na kile kiplastiki cha kuvaa usiku, meno yasirudi yalikotoka, nikakipika kwenye maji ya moto nikidhani naua wadudu, kikajikunja kama jani, Mama Daktari akatengeneza kingine, akatikisa kichwa tu. Hicho kiko kwenye begi, mfuko wa pembeni. Usinywe kitu umekivaa, zaidi ya maji.

Na madoa yakafifia. Siyo yote. Yale mawili ya juu yamebaki, nayaona ukicheka. Daktari alisema hapo hapajatoboka, ila pameshapungua, na kilichobaki ndicho utakachozeeka nacho. Ndiyo maana nilimuuliza yule bwana habari ya meno. Nilimuuliza pia, huko kwenu wanaonjaje? Akasema wanapanga vikombe vidogo mezani, tangu asubuhi mpaka wanafunga. Akasema siyo matunda tu, kuna na unga wa ukali, unakuja kwenye mapipa. Nikasema mwanangu anaonja kwa mrija, anatema, anasukutua, halafu anapumzika. Akacheka, "Mama, tutampa mrija wa dhahabu." Mimi simwogopi anayekataa. Namwogopa huyo anayekubali huku anacheka.

Lakini siye yeye ninayemwogopa hasa. Nakuogopa wewe.

Rehema, usiniangalie hivyo. Andika.

Nakumbuka wiki moja ya Bunge. Ulikuwa umetoka kukazwa waya, mdomo umevimba, hata uji ulikushinda. Foleni imefika barabarani, wageni wenye suti wanapigana vikumbo wapate mfuko wa ukwaju. Nikakupigia kelele, "Onja upesi, watu wamesimama!" Ukaonja. Ukali ukaingia kwenye vidonda, machozi yakakutoka puu, na ukasema tu, "Bado sukari kidogo, mama." Ukafuta macho na bega, ukaonja tena. Siku ile nilisema moyoni nimelea mtoto mzuri, halalamiki. Nilikusifu kwa majirani. Sasa nikilala nalikumbuka lile bega ulivyolifutia macho, na sioni uzuri wowote tena. Mtoto alikuwa anaumia na hakujua kwamba anaweza kusema hapana, kwa sababu nyumbani kwake hakulisikia neno hilo likisemwa na mtoto. Meno ni meno. Lakini kilichoyala ni huko kutii.

Na mimi haraka yangu haikuishia kwenye meno. Kaka yako Yohana aliporudi kutoka machimboni Mererani mikono mitupu, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope, sikumwacha hata aketi. Jioni ileile nikaanza kumsugua. Ulikuwa wapi, umeleta nini, wenzako wamejenga. Kila nililosema lilikuwa kweli, na nililisema wakati yuko mbichi. Asubuhi akaenda Bahi kwenye mpunga, na mpaka leo anatuma salamu na samaki mkavu, yeye mwenyewe haji. Ningengoja hata alale, ale, apate nguvu kidogo, ningeyasema yaleyale na angekuwa hapa leo anakubebea begi. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiona kitu kikali nakimbilia ufagio. Nimechoka nao, lakini sijui kama nimepona.

Sasa wewe unao kinyume cha ugonjwa wangu. Mimi siwezi kungoja, wewe huwezi kusema ngoja. Kesho utakaa kwenye meza ya watu usiowajua, wamevaa makoti meupe, atakuja mkubwa mmoja ana haraka kama mama yako, atasema, "Binti, onja tena hiki, na hiki, gari linasubiri." Na wewe utasema, "Haya." Nakujua. Utafuta macho na bega.

Sikuambii ukatae kazi. Nenda. Ulimi kama wako kuuacha nyuma ya stesheni ni dhambi, na mimi siwezi kukuweka hapa uwe mdomo wangu mpaka nife. Nakuomba neno moja tu, wala siyo hapana, najua hapana litakushinda mwanzoni. Sema, "Bado." Bado, nasukutua kwanza. Bado, nipumzike kidogo. Halafu nyamaza, wachukie wanavyotaka. Juisi haikimbii. Mimi nimeuza miaka yote hii, sijawahi kuona juisi imekimbia. Wakikufukuza kwa sababu ya "bado", panda basi urudi, utanikuta hapahapa, na sitauliza umeleta nini. Nitajitahidi. Kama ukiniona nafungua mdomo, niambie mimi pia, bado, mama.

Na ukicheka huko usijifunike. Yale madoa mawili ya juu ni yangu, mimi ndiye niliyekuwekea. Mtu akikuuliza, mwambie mama yangu alikuwa ananisimamia nikipiga mswaki. Atadhani unanisifu. Mwache adhani.

Nilitaka kusema na jambo la baba yako, kuna siku alinunua...

Unaniita. Rehema, umesikia? Ameita tena. "Mama! Njoo uonje!"

Nimemjibu, onja mwenyewe, mimi meno yangu si unayajua.

Andika anavyojibu, dada, aje ayasome mwenyewe. Anasema, "Kesho nitakuwa wapi? Njoo. Nimekuwekea mrija na kikombe cha maji."

Ona mtoto huyu. Nikamwambia, bado, miguu inauma, nipumzike kidogo. Sasa nasikia anacheka huko uani, anasema, "Haya mama, nakungoja."

Ananingoja. Kijiko kimetulia, hakorogi tena.

Nipe mkono niinuke, Rehema. Kalamu iache hapohapo ilipo. Ngoja nikaonje.